Insha Niliyoandika Juu ya Somo Yangu

Bi Chausiku Mwinshehe hajawahi kupanda ndege, wala hajui neno la Kiingereza zaidi ya "tenki yuu", lakini jina lake lilisomwa miaka mitatu mfululizo na Wamarekani wasiomjua. Aliyelipeleka huko ni mimi. Nalisema mapema ili msomaji asije akanihurumia, maana kuhurumiwa nimeshahurumiwa vya kutosha.

Anakaa Chanika, lami inapoishia halafu uendelee kidogo, kwenye nyumba ya vyumba vitatu aliyoachiwa na marehemu mumewe. Asubuhi anapika vitumbua, mchana anamwagilia matembele yake, na muda uliobaki yeye ni somo. Kwa sisi watu wa pwani, msichana akivunja ungo hukabidhiwa kwa mwanamke mmoja mtu mzima, akawekwa ndani siku kadhaa, akafundwa usafi, heshima na namna ya kuishi na watu, kisha akatolewa nje kwa ngoma. Mwanamke huyo ndiye somo yako, na wewe ni mwali wake mpaka mmoja wenu azikwe. Ukiolewa yupo, ukizaa yupo, ukigombana na mama yako unakimbilia kwake. Yaliyosemwa ndani hayatoki nje. Na mwali akiropoka, haulizwi mwali. Anaulizwa somo alimfundisha nini.

Mimi nilipelekwa kwake likizo ya Desemba, nikiwa nimetoka kufanya mtihani wa kidato cha pili. Kwetu ni Gongo la Mboto, ambako baba yangu, mzee Aidarus, ana duka la vyombo vya nyumbani. Nilikaa ndani siku kumi na moja. Chumba kilikuwa na dirisha linalotazama shamba la mihogo, na nilikuwa nimebeba kitabu changu cha kemia kwa siri. Bi Chausiku, ambaye shule aliishia darasa la nne, alikikuta chini ya godoro akacheka sana. Tangu siku hiyo, kila baada ya adhuhuri alinipa saa nzima ya kusoma, na yeye akakaa mlangoni kuwazuia wanawake wenye maneno mengi. Wakimuuliza mwali anafanya nini, anawajibu mwali amelala. Sijapata kuielewa kemia kama nilivyoielewa siku zile.

Hiyo ndiyo kweli yote. Sasa nieleze nilichoandika.

Nilipomaliza kidato cha sita na kufaulu, nilijiunga na kikundi kimoja Ukonga kilichowasaidia vijana kuomba vyuo vya nje. Kiongozi wake alikuwa kaka mmoja, Edgar, aliyekuwa amesoma huko mwenyewe. Yeye ndiye aliyetueleza kwamba Marekani kuna vyuo vidogo vya binafsi, wanafunzi mia saba au mia nane tu, ambako mwalimu anakujua kwa jina, na hupangiwi fani moja tangu siku ya kwanza. Unasoma falsafa, biolojia, ushairi na muziki kwa pamoja, kisha baadaye ndiyo unaamua. Niliporudi nyumbani na habari hizo baba alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza nitatoka huko nikiitwa nani. Nikamjibu nitatoka nimeelimika. Akasema hata fundi bomba ameelimika, ila yeye watu wanajua wamwite kwa kazi gani.

Maombi yalitaka insha ya maneno mia sita na hamsini kuhusu maisha yangu. Ya kwanza niliiandika kuhusu duka la baba, jinsi nilivyojifunza kumtambua mteja anayenunua na anayepitisha muda. Edgar akaisoma, akanirudishia.

"Nzuri, Thuraya, ila haina kidonda," alisema. "Wale jamaa wanasoma insha maelfu. Wewe kitu gani kimekuumiza?"

Nilikwenda nyumbani nikatafuta kilichoniumiza, nikakikosa. Baba yupo, mama yupo, tunakula mara tatu. Niliona aibu kukosa shida, na katika aibu zote nilizowahi kuona hiyo ndiyo ya kijinga kupita zote, maana ndiyo iliyozaa nyingine. Kesho yake nikakikumbuka kile chumba cha Chanika.

Siku kumi na moja nikazifanya miezi mitatu. Dirisha nikalitoa. Kitabu cha kemia nikakichoma moto. Mlangoni nikamweka mwanamke mwenye ufunguo shingoni, na mwishoni nikajitorosha alfajiri, peku, nikakimbilia shule. Nilijaribu kumtungia yule mwanamke jina lingine, lakini kila nililolijaribu lilisikika la uongo, basi nikaandika Chausiku. Edgar alipomaliza kusoma akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli. Akanipa pole, nikaipokea. Mwisho wa fomu kulikuwa na kisanduku cha kuweka alama kwamba yote niliyoyasema ni ya kweli tupu, na nikaiweka.

Mwezi wa tatu majibu yalikuja: nimechaguliwa, na gharama zote wanabeba wao. Bi Chausiku alitoka Chanika na doti ya kanga na kopo la udi, akacheza uani kwetu mpaka akaomba maji. Aliwaambia majirani kwamba mwali wake anakwenda kusomea kila kitu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, na nilipiga makofi pamoja nao.

Chuo chenyewe kilikuwa kwenye mji mdogo wenye makanisa mengi kuliko maduka. Wiki ya kwanza wanafunzi wapya tuliingizwa ukumbini, mmoja mmoja tukatia saini kwenye daftari kubwa la ngozi. Ni kiapo cha uaminifu: hutadanganya, hutaiba kazi ya mwenzako, na ukibainika unaondoka. Nilipotoka nje nikakutana na mama mmoja wa ofisi ya udahili, Clara, akanikumbatia macho yakimlengalenga. Aliniambia ndiye aliyesoma insha yangu kwanza, na kwamba hakulala vizuri siku ile.

Chuo kidogo ni mtaa tu. Habari zinazunguka vilevile, tofauti yao ni kwamba wanazizungusha kwa upole. Kabla mwezi haujaisha niligundua nusu ya walimu wananijua mimi ni yule msichana aliyefungiwa. Darasani, kwenye somo la familia na jamii, mwalimu aligeuka akasema kwa sauti ya chini kwamba Thuraya anaweza kutueleza kitu, lakini akijisikia tu. Nilijisikia. Tena siku hiyo niliongeza kofuli ambalo hata kwenye insha halikuwamo.

Na kusoma nilikupenda, hilo sitalificha. Tulikuwa tunakaa watu kumi na wawili kuizunguka meza moja, kitabu kimoja, saa mbili nzima, na mwalimu anakuuliza wewe unaonaje kama mtu anayelitaka jibu kwelikweli. Niligundua napenda falsafa. Niligundua naweza kumbishia profesa na asikasirike. Lakini kila nilipofurahi nilikumbuka ni nani niliyemuuza ili nikae kwenye kile kiti, na furaha ikanishuka. Mwaka ule mwenzetu mmoja wa bweni letu alinakili aya tatu za mtu, akabainika. Ndani ya wiki moja wazazi wake walikuja kumchukua na masanduku yake. Nikajua kiapo si mchezo, na nikawa mwangalifu zaidi, siyo mkweli zaidi.

Mwaka wa pili Clara aliniomba ruhusa waiweke insha yangu kwenye tovuti ya chuo, iwe mfano kwa waombaji wapya. Mtu mwenye akili angekataa. Mimi niliona nimepewa heshima, nikakubali.

Aliyeikuta ni Munira, binamu yangu, mtoto wa mjomba. Alikuwa amemaliza kidato cha sita na alitaka kuomba chuo hichohicho, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyemsifia. Munira naye ni mwali wa Bi Chausiku. Alinitumia ujumbe mmoja tu: "Dada, huyu ni wewe?" Sikumjibu siku mbili. Siku ya tatu alimsomea mama yake insha nzima kwa Kiswahili, na mama yake hana kifua. Wiki haikuisha, Chanika yote ilikuwa imesikia kwamba mwali wa Bi Chausiku amewasimulia Wazungu mambo ya ndani.

Hapa ndipo wengi wa nje hawaelewi. Wanawake wa Chanika hawakukasirika sana kwa kuwa nilidanganya. Walijua kabisa hakuna miezi mitatu wala ufunguo shingoni. Kilichowauma ni kwamba mwali amefungua mdomo, na lawama hiyo haiji kwangu. Walimuuliza Bi Chausiku amefunda nini, mwali anayetoka nje akaropoka mpaka Marekani. Familia iliyokuwa imletee binti mwezi ule ikampeleka kwa somo mwingine Pugu, na baada yake nyingine mbili. Mama aliponieleza haya kwa simu sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Aliniambia nirekebishe.

Kurekebisha kulikuwa kitu kimoja: kumwandikia Clara kwamba insha ni ya uongo. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja na miezi kidogo. Niliandika barua hiyo mara nne, na mara zote nne niliona masanduku ya yule mwenzetu yakipakiwa kwenye gari. Mwishowe nikaandika mistari miwili, kwamba naomba insha iondolewe kwa sababu za kifamilia. Sikusema zaidi.

Chuo kile kinapenda karatasi. Jibu la Clara nilikuta limewekwa kwenye kisanduku changu cha barua, karatasi nzito yenye nembo ya chuo juu na saini ya wino chini. Insha imeondolewa leo, aliandika. Anaelewa kwamba kuna watu nyumbani wanaoweza kunidhuru, hasa yule mwanamke Chausiku. Kama naona si salama kurudi likizo, chumba kipo, chakula kipo, na sitaulizwa chochote. Alimalizia kwa kusema mimi ni jasiri.

Nilimjibu: asante. Hapo nilipewa nafasi mkononi ya kusema hapana, yule mama hajawahi kumdhuru hata kuku, na nikaandika asante. Kama kuna neno moja maishani ningelirudisha, ni hilo.

Mwezi wa sita nikarudi nyumbani. Siku ya tatu nikaenda Chanika peke yangu, barua ya Clara ikiwa kwenye mkoba. Nilikuwa nimeazimia kumsomea Bi Chausiku kila neno na kumwomba radhi. Nilimkuta uani anachambua matembele. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda, akauliza wazima huko. Tukachambua wote kama nusu saa, na hakugusia kitu. Mikono yake ilikuwa imekonda.

Kisha akasema, bila kuniangalia, "Wale watu, umewaambia kuwa si kweli?"

Nikasema, "Nimewaambia, somo."

Neno lilitoka lenyewe. Naapa sikulipanga.

"Wakasemaje?"

Nikafungua mkoba nikatoa barua. Nilipoikunjua aliacha matembele akafuta mikono kwenye kanga, akakaa vizuri, kama watu wanavyokaa dua ikitaka kuanza. Nikaangalia Kiingereza cha Clara, nikasoma Kiswahili changu. Nilisoma kwamba chuo kinamwomba radhi Bi Chausiku wa Chanika. Kwamba Thuraya ameeleza ukweli wote, na wameona kosa. Kwamba wanamshukuru kwa malezi aliyompa mwanafunzi wao. Sauti yangu ilikuwa nzuri, ya kutulia. Miaka mitatu ya kusoma kuizunguka meza ilikuwa imenipa sauti ya kusomea.

Aliiomba ile karatasi, akaipapasa nembo. Akauliza jina lake liko wapi. Lilikuwepo. Nikamwonyesha, na akaweka kidole juu ya Chausiku, katikati ya sentensi inayosema yeye ni hatari kwangu. Akakiacha kidole pale muda mrefu, huku machozi yanamtoka bila sauti.

"Basi yameisha, mwanangu," akasema. "Niachie hii."

Nilimwachia. Ningemwambia nini?

Jumamosi iliyofuata aliwaita wanawake nyumbani kwake baada ya alasiri. Walikuja kama ishirini, wakajaa kwenye mikeka, wakiwemo wale waliopeleka mabinti Pugu. Barua alikuwa ameiweka kwenye plastiki ngumu kwa mpiga chapa, isichafuke. Nilidhani atanipa mimi niisome, na nilikuwa tayari kuurudia uongo wangu neno kwa neno. Lakini Bi Chausiku ana akili zake. Alisema mimi ni mwenye kesi, siwezi kujisomea hukumu. Akampa Munira.

Munira alikuwa amekaa kona ya pili, na tangu nirudi hakuwa ameniamkia. Aliichukua barua akaanza kuisoma kimya. Niliona macho yake yanashuka mstari kwa mstari, yakasimama, yakarudi juu. Akaniangalia mimi. Akamwangalia Bi Chausiku, ambaye alikuwa amekaa amenyoosha mgongo na mikono mapajani, anasubiri. Nitasema hata hili: katika dakika ile sikumwogopea somo yangu. Nilijiogopea mimi.

Munira akakohoa, akaanza. "Wanasema wanakuomba radhi, somo," alisema. Akaendelea. Yake ilikuwa fupi kuliko yangu, na nzuri zaidi. Alisema chuo kimetambua kwamba Bi Chausiku hafungi watu, na kwamba mwali akisema uongo, kosa ni la mwali. Akarudia hilo la mwisho mara mbili, akinitazama. Kisha akamrudishia barua kwa mikono miwili.

Wanawake wakapiga vigelegele. Mmoja wao, mama wa binti aliyepelekwa Pugu, akapiga magoti mbele ya Bi Chausiku akamwomba amsamehe, na akasema mdogo wa yule binti ataletwa hapa, si pengine. Tukaletewa chai na vitumbua. Nilikula kimoja, sikumbuki kilikuwa na ladha gani.

Wakati wa kutoka nilimfuata Munira njiani kwenye mihogo, nikataka kumshukuru. Akasimama.

"Usinishukuru," akasema. "Mie nimedanganya kwa ajili ya somo, siyo kwa ajili yako. Halafu maombi yangu ya chuo nimeyaondoa. Kiti chenyewe kama kinapatikana hivyo, kaa wewe."

Nikamwambia nitawaandikia, namaliza tu. Mwaka mmoja tu umebaki.

"Waandikie leo," akasema. "Ukishawaandikia ndiyo uniite binamu."

Sikuwaandikia siku ile. Nilirudi chuoni mwezi wa nane, nikasoma mwaka wangu wa mwisho, nikaandika tasnifu ya kurasa sitini kuhusu maana ya kutoa ushahidi wa kweli. Wakaipa alama ya juu. Kila mwezi nilijiambia mwezi ujao, na Mei ilipofika nikavaa joho. Baada ya sherehe Clara alinitafuta kwenye umati, akanishika mashavu, akasema sasa nina shahada yangu na hakuna mtu wa kule atakayeweza kunifikia tena. Shahada ilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kusema chochote. Nilimwambia asante.

Wiki mbili baadaye nilitua Dar es Salaam. Uwanja wa ndege hauko mbali na kwetu, basi walikuja wengi: baba na mama, majirani wa Gongo la Mboto, na wanawake wa Chanika kwenye gari dogo la kukodi, wote wamevaa sare ya kanga moja. Munira hakuwemo. Bi Chausiku alikuwa mbele ya wote. Alinishika mkono kabla hata ya mama, akawatangazia watu waliokuwa wanasubiri wageni wao kwamba huyu ndiye mwali wake, aliyewaambia Wazungu ukweli. Watu nisiowajua wakanipongeza. Nikatembea naye mpaka kwenye gari, mkono wangu ndani ya wake, nikishindwa kumwangalia mtu anayejivunia jambo ambalo sijalifanya.